Upangaji wa Viungo vya Maikrowevu katika Mvua za Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Tambarare ya Kyela iko kwenye kimo cha takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na imekingwa na milima pande mbili: mashariki ni Milima ya Livingstone, ambayo huko Matema inashuka karibu wima hadi majini, na kaskazini ni miinuko ya Rungwe, ambayo kilele chake kinafikia mita 2,960. Hewa yenye unyevu inayotoka ziwani husukumwa kupanda miteremko hiyo, hupoa na kumwaga maji, ndiyo maana wilaya hiyo hupata mvua ya kati ya milimita 2,000 na 3,000 kwa mwaka. Tofauti na maeneo ya pwani yenye vuli na masika, huku kuna msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na Aprili ndiyo kilele chake. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita katika ukanda huu kuelekea mpaka wa Kasumulu na Malawi, lakini kutoka kwenye mkongo hadi Ipinda, Matema, bandari ya Itungi na vijiji vilivyo chini ya milima, mawasiliano mengi hutegemea kiungo cha maikrowevu, yaani minara miwili yenye antena za dishi zinazotazamana na kupelekeana mawimbi mafupi ya redio katika mstari mnyoofu.

Kiungo cha aina hiyo kinaweza kudumu katika mvua hizo kwa miaka mingi iwapo mpangaji ataelewa mapema kwamba mvua hukishambulia kwa njia zaidi ya moja: angani, ambako matone hufyonza nguvu za wimbi, kwenye maungio ya nyaya, ambako maji hupenya, na kwenye umeme na barabara, ambavyo mafundi huvitegemea. Mipango mingi hushughulikia njia ya kwanza peke yake, kwa kuwa ndiyo yenye fomula.

Ukali wa mvua na uchaguzi wa masafa

Takwimu ya milimita kwa mwaka, ambayo ndiyo hunukuliwa kila mahali, haimsaidii sana mpangaji wa kiungo. Mvua ya manyunyu inayonyesha kutwa nzima inaweza kujaza kipimo cha mvua bila kuathiri wimbi kwa kiasi cha kutambulika, ilhali mvua ya radi ya robo saa yenye matone makubwa huweza kukata mawasiliano kabisa. Kinachohitajika ni ukali wa mvua, yaani kasi ya unyeshaji inayopimwa dakika kwa dakika na kuelezwa kwa milimita kwa saa, na hasa ule ukali unaozidiwa kwa asilimia 0.01 ya muda wa mwaka, ambayo ni sawa na dakika 53 hivi. Vituo vingi vya hali ya hewa husoma jumla ya saa 24, na jumla hiyo haiwezi kugeuzwa kuwa ukali wa dakika kwa kuigawanya tu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuomba kumbukumbu za karibu zaidi kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kuzilinganisha na ramani za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) zilizomo katika pendekezo lake namba P.837, kisha kuchukua thamani iliyo kubwa zaidi kati ya hizo mbili. Katika mifano inayofuata ukali wa milimita 80 kwa saa umechukuliwa kama thamani ya kupangia, si kama kipimo kilichofanyika Kyela.

Tone la mvua hufyonza sehemu ya nguvu za wimbi na kutawanya sehemu nyingine, na athari hiyo hukua kadiri urefu wa wimbi unavyokaribia ukubwa wa tone. Wimbi la gigahezi 7 lina urefu wa sentimita 4.3, kwa hiyo hupita katikati ya matone bila taabu kubwa. Lile la gigahezi 23 lina sentimita 1.3 tu, na hilo huumia. Upotevu huo hupimwa kwa desibeli, kipimo ambacho desibeli 3 maana yake ni nguvu kupungua kwa nusu na desibeli 10 ni kubaki sehemu moja ya kumi. Kwa kutumia pendekezo la ITU namba P.838, mvua ya milimita 80 kwa saa huondoa takriban desibeli 1 kwa kila kilomita katika gigahezi 7, desibeli 3 katika gigahezi 11, desibeli 5 katika gigahezi 15, na desibeli 9 katika gigahezi 23, iwapo wimbi linatetema kwa wima. Likitetema kwa mlalo hupoteza zaidi, kwa sababu tone kubwa linapoanguka hubonyea na kuwa pana kuliko urefu wake. Katika gigahezi 15 tofauti hiyo ni zaidi ya desibeli 1 kwa kila kilomita. Kuchagua mkao wa wima hakugharimu chochote, na panapokuwa na uhuru wa kuchagua, hakuna sababu ya kuuacha.

Kosa linalofuata hapo ni kuzidisha upotevu wa kilomita moja kwa urefu wote wa kiungo. Mvua kali hainyeshi kwa usawa katika njia nzima; wingu lake zito huwa na upana wa kilomita chache, na mtu anaweza kulowa Ipinda wakati Matema kuna jua. Ndiyo sababu hesabu hutumia urefu fanisi wa njia, yaani umbali wa kufikirika ambao ungeleta upotevu uleule kama mvua ingekuwa sawa kote. Njia rahisi iliyokuwa katika matoleo ya awali ya pendekezo la ITU namba P.530, ambayo bado inafaa kwa makadirio ya kwanza kabla ya kufungua programu ya kompyuta, hupata kwanza umbali wa rejea kwa kuzidisha kilomita 35 na kipeo kinachopungua kadiri mvua inavyokuwa kali. Kwa milimita 80 kwa saa umbali huo ni kilomita 10.5. Kutoka mji wa Kyela hadi Matema kwa mstari mnyoofu ni takriban kilomita 21, na kiungo hicho hupata urefu fanisi wa kilomita 7 tu. Kutoka Tukuyu hadi Kyela, zaidi kidogo ya kilomita 40, urefu fanisi hauzidi sana kilomita 8.

Kwa kiungo cha Kyela na Matema, basi, mvua inayozidiwa kwa dakika 53 kwa mwaka itaondoa desibeli 6 au 7 katika gigahezi 7, karibu desibeli 20 katika gigahezi 11, na desibeli 34 katika gigahezi 15. Namba hizo hulinganishwa na akiba ya kiungo, yaani tofauti kati ya nguvu inayopokelewa siku ya anga safi na nguvu ndogo kabisa ambayo kipokezi bado kinaweza kuielewa. Katika gigahezi 7, mtambo unaotoa dBm 28 (yaani desibeli 28 juu ya miliwati moja), ukiwa na dishi la mita 1.2 kila upande lenye uwezo wa kukuza wimbi kwa desibeli 36, na ukipoteza desibeli 136 angani na 2 kwenye nyaya, hufikisha takriban dBm –38 upande wa pili. Kama kipokezi kinahitaji dBm –70, akiba ni desibeli 32, na mvua itakula sehemu ya tano tu ya akiba hiyo. Katika gigahezi 15, dishi la ukubwa uleule hukuza zaidi lakini mtambo kwa kawaida hutoa nguvu ndogo zaidi, na akiba hufikia desibeli 36 hivi dhidi ya upotevu wa desibeli 34: kiungo kinapita kwa wembamba wa kucha kikiwa na mkao wa wima, na kinaanguka kikiwa na mkao wa mlalo. Mteja akitaka kukatika kusizidi dakika 5 kwa mwaka, upotevu wa kuhesabia katika nchi zilizo karibu na Ikweta huongezeka kwa karibu nusu nzima, na hapo gigahezi 15 haifai tena kwa umbali huo.

Uamuzi unaotokana na hesabu hizi ni wa wazi: viungo vya zaidi ya kilomita 15 katika ukanda huu viwe katika masafa ya gigahezi 6 hadi 8, na masafa ya gigahezi 15, 18 na 23 yaachiwe viungo vifupi vya mjini au vya kuunganisha kijiji na mnara jirani. Pale ambapo masafa ya chini hayapatikani, njia inaweza kugawanywa kwa mnara wa kati, kwa mfano eneo la Ipinda, lakini mpangaji asitarajie kwamba kuukata umbali katikati kutapunguza upotevu wa mvua kwa nusu. Kipande cha kilomita 10.5 kina urefu fanisi wa kilomita 5.3, si 3.5, kwa kuwa wingu moja linaweza kukifunika kipande chote. Faida nyingine hutoka katika desibeli 6 zinazookolewa angani kwa kila kipande. Hasara ni mnara mmoja zaidi wa kulinda, kuwekea umeme na kufikia kwa gari.

Jambo moja husahaulika katika mikataba. Dakika 53 kwa mwaka zikigawanywa kwa miezi kumi na miwili huonekana kidogo sana, lakini Kyela haziji hivyo. Karibu zote zitaangukia kati ya Machi na Mei, na huenda nusu yake ikatokea katika alasiri mbili tatu. Wakala wa malipo ya simu pale Itungi haoni wastani wa mwaka, anaona foleni ya abiria mbele yake. Kwa hiyo lengo la huduma liandikwe kwa mwezi mbaya kuliko yote, na mitambo iwe na uwezo wa kubadili yenyewe namna ya kupakia data: mvua ikizidi, mtambo hushuka kwenye upakiaji mwepesi unaovumilia nguvu ndogo kwa takriban desibeli 15 hadi 20 zaidi, na kubeba data kidogo. Sharti lake ni kwamba mpangaji awe ameamua kabla ni huduma zipi zitapewa kipaumbele, kwani bila agizo hilo mtambo utatupa simu za sauti na miamala pamoja na video.

Ziwa, milima na urefu wa minara

Mpangaji anayekimbilia masafa ya chini ili kuikwepa mvua huingia mikononi mwa ziwa. Chini ya gigahezi 10, adui mkubwa wa kiungo kirefu ni kufifia kunakotokana na mawimbi kufika kwa njia zaidi ya moja: moja likija moja kwa moja, jingine likiwa limeakisiwa na uso wa maji, na mengine yakiwa yamepindwa na tabaka za hewa. Yakikutana kwa kupingana huuana, na nguvu inayopokelewa inaweza kuporomoka kwa desibeli 20 au 30 ndani ya sekunde chache. Hali hiyo hutokea hasa usiku uliotulia na alfajiri, wakati hewa nzito yenye unyevu imelala juu ya maji na hakuna upepo wa kuichanganya; yaani hutokea katika hali ya hewa ileile ambayo fundi angeiita nzuri. Kwa bahati njema mvua kali na utulivu huo haviji pamoja, kwa hiyo akiba ileile ya desibeli 32 hutumika kwa zamu, mchana wa Aprili kwa mvua na usiku wa kiangazi kwa ziwa.

Kinga bora ni ya kijiografia. Kiungo cha Tukuyu na Kyela, ingawa ni kirefu maradufu kuliko cha Kyela na Matema, ni salama zaidi kwa upande huu, kwa kuwa kinashuka kama mita 1,000 kutoka mlimani, na wimbi linalokata tabaka za hewa kwa mshazari halipindwi sana kama lile linalosafiri sambamba nazo. Kiungo cha Kyela na Matema kinapaswa kuchorwa kwa namna ambayo sehemu ya katikati, ambako mwakisiko hutokea, iangukie juu ya mashamba ya kokoa na migomba badala ya maji. Kuhamisha mnara mmoja kilomita moja au mbili kuelekea bara mara nyingi hutosha. Kwa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa Kikisi kilichobanwa kati ya ziwa na ukuta wa Livingstone, ambacho vyungu vyake hupelekwa kwa mitumbwi sokoni Matema, njia nyepesi ni juu ya maji. Hapo inabidi kufungwa antena mbili katika mnara mmoja, moja juu ya nyingine, zikiachana kwa mita 8 hadi 10 katika gigahezi 7, ili wimbi linapofifia kwenye moja liwe bado linasikika kwenye nyingine. Tofauti kubwa ya urefu kati ya minara miwili nayo husaidia, kwa sababu husogeza mahali pa mwakisiko karibu na mnara mfupi, ambako ukingo au miti inaweza kuukinga. Ikumbukwe pia kwamba maji ya ziwa hupanda msimu wa mvua na kushuka kiangazi, kwa hiyo mahali palipopimwa Septemba si palepale Mei.

Wimbi halisafiri kama uzi mwembamba. Hujaza umbo lililotuna katikati linaloitwa eneo la Fresnel. Kwa kilomita 21 katika gigahezi 7, nusu kipenyo cha eneo hilo katikati ya njia ni mita 15, na mbonyeo wa dunia huongeza mita 6.5 katika hali ya kawaida ya hewa, au mita 13 hewa inapolipinda wimbi kuelekea juu. Kanuni ya kupangia ni kuacha eneo zima likiwa wazi katika hali ya kawaida, na asilimia 60 yake katika hali mbaya. Penye miti ya mita 20, hesabu zote mbili zinaangukia karibu mahali pamoja: antena ziwe mita 42 kutoka ardhini kila upande, na mita 4 au 5 ziongezwe kwa ajili ya miti itakayokua, maana michikichi na miembe katika udongo ule haisubiri mtu. Ramani za mwinuko zinazopatikana bure kutoka satelaiti hufaa kwa kuanzia, lakini hazionyeshi vizuri urefu wa miti, na hakuna kinachochukua nafasi ya kwenda kuona. Fundi mmoja hupanda mnara au mti mrefu akiwa na kioo cha kujitazama, humulika jua kuelekea upande wa pili, na mwenzake mwenye darubini akiuona mmeto basi njia iko wazi kwa macho.

Maji kwenye vifaa, umeme na barabara

Viungo vingi vinavyosemekana kukatwa na mvua hukatwa na mvua iliyoingia ndani ya nyaya. Dalili zake hutofautiana na za mvua ya angani: nguvu haishuki ghafla na kurudi wingu likipita, bali hupungua siku baada ya siku na kubaki chini hata jua likiwaka. Maungio yote ya nje yafungwe kwa utepe wa mpira unaoshikana wenyewe, kuanzia chini kwenda juu ili kila mzunguko ufunike uliotangulia kama vigae vya paa, kisha utepe mwingine wa kuzuia jua ufungwe juu yake. Waya unapokaribia kuingia chumbani au kwenye kifaa uachiwe kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu, ili maji yadondoke hapo badala ya kuufuata ndani. Waya wa ethi ufungwe juu, katikati na chini ya mnara, kwani miteremko ya Rungwe ina radi nyingi, na vizuia mshtuko vikaguliwe kila Oktoba.

Madishi yafungwe na kulengwa kati ya Julai na Oktoba. Dishi la mita 1.2 katika gigahezi 7 lina mwale wenye upana wa nyuzi mbili na nusu hivi, lakini pembeni mwa mwale mkuu kuna miale midogo inayoweza kumdanganya fundi aamini kuwa amepata kilele. Kama hesabu ilisema dBm –38 na kipimo kinasoma –58, tatizo si hali ya hewa. Dishi limelengwa kwa mwale wa pembeni na ni lazima lizungushwe hadi kilele cha kweli kipatikane pande zote mbili. Tofauti inayoweza kuvumiliwa ni desibeli 2 au 3. Akiba inayopotea hapa ndiyo ambayo mvua ya Aprili itakuja kuidai.

Umeme huhitaji hesabu yake. Kituo kinachotumia wati 150 hula kilowati-saa 3.6 kwa siku, na kwa kuwa mawingu ya Kyela huweza kuziba jua siku tatu mfululizo, betri zinapaswa kubeba kilowati-saa 10.8 zinazotumika kweli. Kwa betri za risasi zisizoshushwa chini ya nusu, hiyo ni takriban saa-ampia 450 kwa volti 48. Mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika na kuzifunga barabara za tambarare, kwa hiyo kituo cha mwambao kinachotegemea jenereta kiwe na mafuta ya wiki mbili kabla ya Machi, na sakafu ya chumba cha mitambo iinuliwe juu ya alama ya mafuriko ambayo wenyeji wa mahali wanaikumbuka. Wazee wa kijiji huijua alama hiyo kuliko ramani yoyote. Panapowezekana, minara iunganishwe kwa mzunguko, kwa mfano Tukuyu, Kyela na Matema, kama ukaguzi utaonyesha kuwa njia ya Matema hadi Tukuyu iko wazi, ili upande mmoja ukikatika mawasiliano yapite upande wa pili.

Kibali cha masafa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na maombi yapelekwe mapema, kwa kuwa kiungo kilicho karibu na Mto Songwe kinaweza kuingiliana na viungo vya upande wa Karonga, na hivyo kuhitaji maelewano na mamlaka ya Malawi. Mnara mrefu huhitaji pia ridhaa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Siku ya makabidhiano mkandarasi ataonyesha kiungo kinachofanya kazi, na katika mwezi wa Septemba karibu kila kiungo hufanya kazi. Kwa hiyo mwenye mradi aagize katika mkataba kwamba nguvu inayopokelewa irekodiwe kila dakika pamoja na kipimo cha mvua kilichowekwa chini ya mnara, na kwamba sehemu ya mwisho ya malipo isitolewe hadi kumbukumbu hizo ziwe zimepita mwezi wa Mei na kukaguliwa.